Maghala ya Programu na Safari Yake Hadi Kwetu

Msomaji, kama umepata kupita mbele ya maghala ya nafaka ya Kitale wakati wa mavuno, umeona malori yalivyojipanga foleni ndefu hadi barabarani, kila moja limesheheni mahindi ya Trans Nzoia. Mtoto wa Kitale hana haja ya kuelezwa ghala ni nini. Anajua kwamba nafaka haitupwi ndani hovyo: hupimwa unyevu, hupimwa uzito, huandikwa daftarini imetoka kwa nani na imeingia siku gani. Nataka leo nikusimulie habari za maghala ya namna nyingine, ambayo hayana panya wala fundo, nayo yanahifadhi programu za kompyuta, zile amri ambazo bila ya hizo kompyuta ni sanduku tu lenye waya. Vitabu vyetu vya shule huiita tarakilishi. Mimi nitasema kompyuta, maana ndilo jina nililolisikia sokoni kabla sijalisoma kitabuni.

Kuitoa programu katika ghala la mbali na kuiweka katika kompyuta yako huitwa kupakua. Neno hilo halikubuniwa jana. Mama hupakua ugali chunguni, na mabaharia wa Mombasa hupakua shehena melini. Katika kazi zote mbili mpakuaji hutazama anachokipakua. Yule wa kompyuta aghalabu hatazami, na hapo ndipo balaa huanzia, kama nitakavyokusimulia kutokana na yaliyonipata mimi mwenyewe.

Hapana budi kwanza uelewe jambo moja, ambalo watu wengi wazima hawalijui. Programu ina sura mbili. Mtungaji huiandika kwa maneno na alama ambazo binadamu mwenzake aliyejifunza lugha hiyo anaweza kuzisoma, kuzisahihisha na kuzibadilisha. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kisha msimbo hugeuzwa kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza mara moja, lakini binadamu akikifungua haoni ila vurugu tupu. Msimbo ni mbegu, na programu iliyokwisha kugeuzwa ni unga. Unga hupikwa leo hii, ila ukiufukia ardhini hauoti. Kwa miaka mingi makampuni makubwa yaliuza unga peke yake na kuifungia mbegu kabatini. Aliyenunua alikula, lakini hakuweza kupanda.

Walakini walikuwapo waliokataa. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kwamba ataandika programu ambazo msimbo wake utakuwa wazi kwa kila mtu. Njia ya kuwafikishia watu kazi hiyo ilikuwa ngumu. Mwenye kompyuta iliyounganishwa na mtandao, na hao walikuwa wachache mno, aliweza kuivuta kutoka kompyuta ya chuo kikuu. Asiyekuwa nayo alitumiwa kanda kwa posta, na ada yake ilikuwa dola 150. Kisha mwaka 1991 kijana wa miaka 21 wa huko Finland, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, na rafiki yake Ari Lemmke akamwekea katika kompyuta ya hifadhi iliyokuwa wazi kwa umma. Huyo Lemmke ndiye aliyeiandikia folda ile jina la Linux. Mtungaji mwenyewe alikuwa amechagua jina jingine kabisa. Basi jina ambalo dunia nzima inalijua lilitoka kwa mwenye kufungua ghala, halikutoka kwa mwenye kulima.

Maghala ya siku zile yalikuwa orodha kavu ya majina ya mafaili. Hapakuwa na picha wala maelezo. Ulipaswa kujua unachotafuta kabla hujaingia. Mabadiliko makubwa yalikuja mwezi wa Novemba 1999, kampuni moja ya California ilipofungua tovuti iliyoitwa SourceForge. Humo mtungaji yeyote wa programu zenye msimbo wazi alipewa nafasi bure: mahali pa kuweka msimbo, mahali pa kuandika makosa yaliyoonekana, na mahali pa kuweka unga uliokwisha kusagwa ili wasiojua kusaga wajichukulie. Kwa mara ya kwanza mkulima na mlaji walikutana katika ua mmoja.

Pengine unajiuliza, mambo ya Finland na California yanatuhusu nini sisi wa Kitale na Bungoma? Ngoja nikurudishe karibu na nyumbani, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kusini mwa Eldoret, katika nchi ya Wanandi, kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ambao walikuwa wameshirikiana nao kwa muda wa kama miaka 10, waliweka hapo kompyuta za kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa katika madaftari, na ripoti za kila mwezi zilihesabiwa kwa mkono. Walipopima matokeo waliona kwamba muda wa mgonjwa kituoni umepungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja umepungua kwa asilimia 38. Wewe uliyewahi kumsindikiza bibi yako hospitalini ukakaa benchini tangu alfajiri hadi alasiri, utaelewa kwamba hesabu hizo si za karatasi tu.

Mwaka huo huo ulianzishwa mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI katika magharibi ya Kenya. Kumbuka hali ilivyokuwa. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa ngeni na za bei kubwa, na wagonjwa walikuwa wengi. Dawa zile si za kumeza siku tatu ukapona. Ni za kila siku, maisha yote. Mgonjwa akipotea katika kumbukumbu, hapana ajuaye kama amemaliza dawa, au amehama, au amekufa. Vituo vikaongezeka kutoka Eldoret kwenda nje, Webuye na Kitale vikiwa miongoni mwake, na idadi ya wagonjwa ikapanda hata programu ya Mosoriot, iliyotengenezwa kwa kituo kimoja, ikawa nguo ya mtoto aliyovalishwa mtu mzima.

Mwaka 2004 walifika Eldoret madaktari wawili waliokuwa pia wajuzi wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, kutoka taasisi ya Regenstrief ya huko Indiana. Waliangalia kazi iliyokuwapo, wakaona kwamba kuitia kiraka hakutatosha. Wakaanza mpya kutoka msingi, na mfumo huo wakauita OpenMRS. Hapo walikuwa na njia mbili mbele yao. Wangaliweza kutengeneza kitu cha Eldoret peke yake, au kitu cha kuuzwa. Wao pamoja na washirika wao waliamua msimbo uwe wazi, na leseni yake imruhusu kila mtu kuitumia, kuisoma na kuibadilisha. Mwezi wa Februari 2006 mfumo huo ulianza kazi Eldoret. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umefika Rwanda na Afrika ya Kusini.

Ulifikaje huko? Hapana lori lililoubeba. Uliwekwa katika maghala ninayokusimulia. Matoleo ya OpenMRS yaliwekwa SourceForge, mahali ambapo mtu wa Kigali na mtu wa Bungoma wote wawili walikuwa wageni wenye haki sawa mlangoni. Tazama ajabu ya njia hiyo: programu iliyozaliwa kutokana na shida ya wagonjwa wetu, umbali wa saa chache tu kutoka Bungoma kwa matatu, ilisafiri hadi ng'ambo ya bahari ikakaa katika kompyuta za Marekani, na mtu wa Bungoma aliyeitaka aliivuta kutoka huko. Baadaye Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na washirika wake, ilikuwa na mfumo uitwao KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, nao ukaanza kuwekwa vituoni kutoka mwaka 2012. Siku hizi unatumika katika mamia ya vituo vya afya nchini. Yule karani anayebonyeza jina la mama yako kliniki huenda hajui, lakini anakula matunda ya mbegu iliyoachwa wazi.

Wala huo si mfano wa pekee. Mwaka 2004, Dar es Salaam, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iitwayo OpenOffice ilitafsiriwa kwa Kiswahili ikapewa jina la Jambo OpenOffice. Jambo hilo lisingewezekana kama msimbo ungalikuwa umefungwa. Na mwezi wa Januari 2008, nchi yetu ilipoingia katika ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya wachache walitengeneza Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha katika ramani. Msimbo wake uliwekwa wazi, na mwaka 2010 tetemeko la ardhi lilipoiangusha Haiti, watu waliuchukua wakautumia huko. Mambo ya mwaka ule sitayarefusha hapa. Kitale na Bungoma kuna nyumba ambazo bado hazipendi kuyasikia.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, kupakua kwetu kulikuwa kama kuteka maji kwa kijiko. Intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ilikuwa ghali na nzito. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, mambo yakaanza kubadilika pwani na Nairobi kwanza, kisha polepole huku kwetu. Ndipo saiba zikajaa Kitale, zile chumba zenye mashine 6 au 8, kiti cha plastiki, na mwenye duka anayehesabu dakika.

Katika chumba cha namna hiyo nilipata aibu yangu. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na tulikuwa karibu kwenda mazoezi ya kufundisha. Wenzangu watano walinikabidhi flashi zenye maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, niende mjini nikachapishe, na papo hapo niwaletee programu ya bure ya kuandikia, maana kompyuta ya chumba chetu haikuwa nayo. Niliandika jina la programu, nikafungua ukurasa wa kwanza uliotokea bila kuutazama ulikuwa wa nani. Mbele yangu palikuwa na vitufe vitatu vya kijani, vyote vimeandikwa pakua, kimoja kikubwa kuliko vingine. Nikabonyeza kikubwa. Msomaji, kile kikubwa kilikuwa tangazo. Programu niliyotaka ilikuwa chini, kwa maandishi madogo ambayo sikuyaona. Nilichokipata kilijifungua chenyewe, kikajaza kioo kwa matangazo, na kabla sijajua la kufanya kila folda katika zile flashi ilikuwa imegeuka kivuli: jina lipo, ukibonyeza hakuna kitu. Mwenye saiba alinitazama, akatazama saa, akanidai shilingi zake. Wiki nzima tuliandika upya kwa mkono. Mmoja wa wale watano hakunisemesha hadi muhula ukaisha, na sikuwa na la kumlaumu.

Nimekueleza hayo si kwa kutafuta huruma. Ni kwa sababu vitufe vile vina historia yake. Ghala la bure lina gharama: kompyuta, umeme, mafundi. Wenye maghala wengi walizilipia kwa matangazo, na tangazo linalofanana na kitufe cha kupakua hubonyezwa kuliko tangazo la haki. Hata SourceForge, iliyokuwa sifa ya wote, iliingia katika mtego huo. Mwaka 2013 ilianza mpango wa kufungasha programu nyingine za kibiashara pamoja na zile ambazo watu walikuja kuzichukua. Mwaka 2015 ilifanya hivyo kwa programu ya picha iitwayo GIMP, na watungaji wake wakapinga hadharani. Mwaka 2016 tovuti iliuzwa, na wamiliki wapya wakaufuta mpango huo. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuhama. Mimi naona kwamba ghala likichanganya mahindi na mawe mara moja, mkulima atakagua kila gunia lake maisha yote, hata mwenye ghala akitubu.

Walihamia wapi? Mwaka 2005 yule Torvalds, aliyekwisha kuwa mtu mzima, aliandika chombo cha kutunza historia ya msimbo, akakiita Git. Chombo hicho huandika kila badiliko, limefanywa na nani na siku gani. Mwaka 2008 vijana wa San Francisco walifungua GitHub, ghala lililojengwa juu ya chombo hicho, na katika miaka michache likawa kubwa kuliko yote. OpenMRS nayo ilihamishia msimbo wake huko. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft, ambayo zamani ilikuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa mbegu, iliinunua GitHub kwa thamani ya dola bilioni 7.5. Wako waliofurahi na wako waliofungasha virago. Kwa upande wangu sina hasira na mnunuzi. Ninalolikumbuka ni kwamba ghala la watu wote limekuwa mali ya mmoja, na mwenye mali ana funguo. Google ilikuwa na ghala kama hilo tangu 2006, ikalifunga mwezi wa Januari 2016. Waliokuwa na msimbo humo walipewa muda wa kuuhamisha.  Ndiyo sababu katika mwaka huo huo Wafaransa walianzisha hifadhi iitwayo Software Heritage, kazi yake kukusanya msimbo wa dunia usipotee maghala yanapokufa.

Sasa nikushike mkono hadi mlangoni. Ukifungua ukurasa wa programu katika GitHub utaona juu kabisa orodha ya mafaili, na kitufe cha kijani. Wanafunzi wangu wote hukikimbilia hicho. Kitufe hicho kinakupa msimbo, yaani mbegu; ukiipeleka nyumbani ukaibonyeza haitafunguka, nawe utasema programu ni mbovu. Unga uko pembeni, katika sehemu ya matoleo, ambayo kwa Kiingereza imeandikwa "Releases". Si kila mtungaji anayeweka unga; wengine huweka mbegu peke yake, na hapo itakubidi ujifunze kusaga. Kabla hujachukua, soma lile faili la maelezo liitwalo README. Tazama tarehe ya toleo la mwisho, maana programu isiyoguswa kwa miaka 8 ni shamba lililotelekezwa. Tazama leseni. Tena hakikisha umefika kwa njia ya tovuti ya watungaji wenyewe, wala si kwa kitu cha kwanza ulichookota katika matokeo ya utafutaji, kama nilivyofanya mimi.

Na kuna muhuri. Watu wa Kitale wanaijua Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mjini hapo mwaka 1956. Kwa kuwa wadanganyifu walizoea kutia mahindi ya kawaida rangi na kuyauza kama mbegu bora, siku hizi pakiti ya mbegu hubandikwa kibandiko cha kukwaruza chenye namba, na mkulima huituma kwa simu akaambiwa kama ni halali. Programu nayo ina muhuri wake. Watungaji waangalifu huandika kando ya faili mfuatano wa tarakimu na herufi 64, uliokokotolewa kutokana na faili lote. Nawe ukilipakua, unaiambia kompyuta yako ikokotoe tena. Faili likipungua herufi moja tu, mfuatano wote hubadilika.

Mwaka jana nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu wa Bungoma jambo hilo kwa macho yao. Intaneti ya shule haikutosha, hivyo siku ya Jumamosi, nilipokwenda kwetu Kitale, nilipakua OpenMRS saibani nikaitia katika flashi, na ule mfuatano wa 64 nikaunakili kwa kalamu katika daftari. Jumatatu niliwaandikia ubaoni. Kompyuta yetu moja ikakokotoa, mwanafunzi mmoja akasoma kwa sauti kutoka katika kioo, na darasa likafuata kwa vidole ubaoni. Herufi ya kwanza tu, binti mmoja wa kiti cha mbele akasema, "Mwalimu, hapana." Nilidhani nimenakili vibaya. Tukasoma yote tena, polepole, na haikulingana hata mahali pawili mfululizo. Ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi ile umeme ulizimika kidogo ukarudi, nami nikaona faili lipo nikaondoka. Tulipotazama ukubwa wake tukakuta limekatika kabla ya mwisho.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Kitale, na yule binti alikuwa ameniandikia mfuatano wote katika kipande cha karatasi, kwa mwandiko wake mwenyewe, ili niulinganishe nikiwa hapo hapo kabla ya kulipa.